Kamera ya Shangazi Rukia Haiuzwi

Kamera haiuzwi. Nimemwambia hivyo yule kijana wa duka la vitu vya kale pale Ndia Kuu, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili bila adabu. Wala sikuwa nimekwenda kuuza. Nilikwenda kumuuliza kama anamjua fundi wa kuitengeneza, maana siku hizi inakwama ukiifungua. Yeye akainyakua mikononi mwangu, akaikunjua juu ya meza ya kioo, baina ya mabuli ya shaba na saa zilizosimama, na papo hapo harufu ikanifikia: udi wa shangazi yangu, na chini ya udi ile dawa ya karatasi za picha inayowasha pua kidogo. Shangazi tumemzika mwaka huu. Nikainama nikainusa tena.

Kijana hakuona. Alikuwa keshaanza kunisomesha. Kamera hii, alisema, ni ya kampuni ya Marekani iliyovuma dunia nzima kwa picha zinazojitoa zenyewe papo hapo, ukipiga unaiona. Kampuni ilikua, ikatajirika, kisha watu wakahamia kamera nyingine, mwisho ikaacha kutengeneza karatasi zake.

"Kwa hivyo sasa ni pambo tu, dada yangu," akasema. "Lakini watalii wanalipenda. Na kama una zile picha zake za zamani, za kina mama wa Mji wa Kale na mapambo yao, basi hizo ndizo ninazozitaka hasa." Akanionyesha ukuta atakaozitundikia.

Hapo ndipo adabu iliponiishia. Nimerudi nyumbani nikiwa bado nina hasira, na hasira yangu haitapoa mpaka nieleze alichokuwa akitaka kukinunua.

Shangazi Rukia, dada yake marehemu baba, alikaa Arabuni miaka kadhaa akishona nguo katika nyumba ya watu wenye uwezo. Aliporudi, nusu ya mtaa wetu wa Kuze ilikuja kumpokea, na tusidanganyane, walikuja kuona dhahabu. Yeye akafungua sanduku, akatoa kitu bapa cha ngozi na chuma, kama kitabu kinene, akakiinua kikafunguka na kutoa jicho. Bangili, hata moja hamna. Walioondoka wakicheka walikuwa wengi kuliko waliobaki.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Siku ya kupamba, bibi harusi anaonyeshwa kwa wanawake wenzake. Mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, asumini kifuani, hina mpaka viwikoni, na mlangoni amekaa bibi mmoja mkali ambaye hata mtoto wa kiume aliyeanza kuota meno ya pili hampiti. Lakini ukitaka picha ya siku hiyo ilikuwa lazima utepe wa kamera upelekwe dukani mjini, na dukani kuna mtu mume. Yeye ndiye anayeusafisha gizani, anamwona bibi harusi kabla ya mumewe, na ule utepe anaweza kubaki nao na kutoa nakala nyingine apendavyo. Ndiyo maana mama zetu wengi hawana hata picha moja ya siku waliyopendeza kuliko siku zote. Walipendeza, wakavua, basi.

Kule Arabuni shangazi aliwaona mabibi wa nyumba wakipigana picha wenyewe kwa wenyewe, na picha ikitoka hapo hapo, moja tu, haina nakala. Akaelewa mara moja thamani ya kitu kile. Pesa za bangili zote alizowekea akiba akazitia humo.

Harusi yake ya kwanza ilikuwa ya jirani, na wale mashangazi wa bibi harusi walimzingira kwa mashaka. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake, mdogo, nikila kaimati.

"Na ndani ya hiki kijisanduku, Rukia, kuna nini?" mmoja akauliza. "Nani anayeisafisha picha?"

Shangazi akaigonga kamera kwa kidole. "Humu hamna mtu mume," akasema. "Naapa. Hamna mtu mume hata mmoya."

Wakubwa waliridhika. Mimi nami niliridhika, lakini kwa njia yangu. Kama humo hamna mwanamume, basi mna wanawake. Haikuhitaji akili nyingi. Niliwaona kabisa: wanawake wadogo wadogo, wamejifunga leso kiunoni, wamekaa kwenye mkeka, na shangazi akibonyeza wanachungulia haraka, wanachora, wanapaka rangi, wanaisukuma karatasi nje, krrr, kisha wanarudi kupumzika. Na kwa kuwa shangazi alisema kamera ni ya kampuni ya Amerika, nikaamini pia kwamba huko Amerika kuna jumba kubwa la wanawake watupu, na hawa wetu wametumwa Mombasa kikazi. Niliwahurumia kwa joto. Siku moja nilikutwa nikijaribu kuwapitishia kipande cha kashata kwenye ule mwanya wa kutolea karatasi.

"Ala! Wafanya nini, Zena?"

"Nawapa chakula."

Mtu mwingine angenichapa, au angenieleza ukweli. Shangazi alikipokea kile kipande, akakila mwenyewe, akasema, "Wao wafunga yeo." Sijawahi kumshukuru vya kutosha kwa jibu lile.

Karatasi ikitoka, shangazi hakuiangalia. Aliitia kwapani, ndani ya nguo, akaibana na kusema isubiriwe iive. Nasi tulisubiri hivyo hivyo, kama watu wanaongoja mkate. Ikishaiva hakumpa mama wa bibi harusi, wala wifi, wala mtu yeyote aliyenyosha mkono. Alimpa yule aliyepigwa, mkononi, kwanza. Ilikuwa ndiyo sheria yake pekee, na aliisema kwa sauti katika kila nyumba: "Mwenye uso ndiye mwenye picha." Akitaka kuionyesha, ataionyesha. Akitaka kuificha, ni yake. Nimeona wanawake wazima, wenye wajukuu, wakiishika picha yao kwa mikono miwili, kwa sababu hawakuwahi kumiliki sura yao kabla ya hapo.

Kisha siku moja alinichukua kwenda kununua karatasi mjini, na mwenye duka akatoka nyuma ya kaunta akiwa na uso wa msiba.

"Hizi ndizo za mwisho, Bi Rukia. Kule Amerika kampuni imeamua kuacha kuzitengeneza. Kiwanda kinafungwa."

"Kinafungwa kwa nini?"

"Watu hawazitaki tena."

"Mimi nazitaka," shangazi akasema, kana kwamba yule mwenye duka angeweza kupeleka habari Amerika. Akanunua zote alizokuwa nazo. Njia nzima nilibeba mfuko. Tulipofika alizipanga ndani ya friji lake, rafu ya chini, pembeni ya achari ya maembe, kwa sababu joto letu linaziharibu.

Sasa niwaeleze kuhusu dada yangu Salma. Baba alipofariki, mambo yetu yaliingia mikononi mwa ami yetu Seif, kaka mkubwa wa baba na wa Shangazi Rukia. Ami Seif hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili kwa taabu. Alitulisha. Alilipa karo. Lakini aliamini kwamba anayekulisha amekununua. Salma alimaliza kidato cha nne akapata nafasi chuo cha ualimu, akawa anaisoma ile barua ya chuo hata akiwa anakuna nazi. Ndipo ami akaja na habari zake: kuna mtu wetu yuko Arabuni, ana kazi nzuri, anatafuta mke, na ameomba aletewe picha.

"Na chuo, ami?" Salma akauliza.

"Utamfundisha mumeo," ami akasema, akacheka peke yake. Mama alitazama sufuria.

Picha yenyewe ilikuwa lazima ipigwe na shangazi, na hilo lilikuwa neno la ami mwenyewe. Zamani, msichana wa ukoo alipopigwa picha katika duka moja la Ganjoni na nakala yake ikaonekana mikononi mwa watu, ami alisimama mbele ya wazee akatangaza kwamba uso wa mwanamke wa nyumba yetu hautapita tena kwenye mikono ya mtu mume wa duka wala kwenye simu ya mtu, maadamu yeye yu hai. Mtaa wote ulilijua tamko lile. Kwa hivyo ilikuwa kamera ya shangazi au hakuna.

Shangazi aliitwa. Alikuja, hakubisha, akakubali kwa upole ambao ulinikera. Jioni ile nilimwona Salma akilia jikoni, nikamchukia shangazi yangu kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Niliinong'oneza ile kamera, nikiwaomba wanawake wa ndani wafanye kitu. Sikujua nini. Wamchore vibaya labda.

Asubuhi yake Salma alikalishwa kwenye kiti karibu na dirisha, amevalishwa, amepakwa wanja. Ami alikaa kwenye kochi na kikombe chake cha kahawa. Shangazi akaikunjua kamera, akaitazama nyumba nzima kupitia lile jicho, kisha akamwambia Salma maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Nitazame. Tazama kama unavyojisikia."

Salma akainua uso. Krrr. Shangazi aliitia picha kwapani. Tulingoja iive, na ami naye alingoja, akigonga kikombe kwa ukucha. Ilipokuwa tayari shangazi alimpa Salma, mkononi, kwanza, na Salma akaitazama muda mrefu. Nilichungulia chini ya mkono wake. Kulikuwa na msichana amekaa wima, mato yamefunguka, na yale mato yalikuwa yakisema hapana. Hapana tupu, isiyo na machozi, isiyoomba radhi. Sikujua kwamba dada yangu ana uso ule. Nadhani hata yeye hakujua.

"Lete," ami akasema.

Salma akampa aione, lakini hakuiachia, aliishika ncha. Ami akakunja kipaji. "Nani atakayeoa mtu anayetazama hivi? Piga nyengine, Rukia. Akunjue uso, ajue yuko mbele ya watu."

Salma akaivuta picha, akaitia kifuani ndani ya kanzu yake, mahali ambapo ami hakuweza kuifuata. Shangazi akainua kamera tena. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Hakuna krrr, hakuna karatasi.

"Imekwisha," akasema.

"Tia nyengine."

"Hamna nyengine, kaka. Amerika wamefunga kiwanda."

Ami aliweka kikombe chini polepole. "Rukia, usinichezee. Juzi umenunua mfuko mzima. Ndoo hapa wewe, Zena." Alikuwa mtu mwenye akili, na alijua nani katika chumba kile hajajifunza kusema uwongo. "Kimbia kwa shangazi yako. Fungua friji. Uniambie mna nini."

Nilikimbia. Vichochoro vya Kuze nilivijua kwa nyayo, lakini siku ile nilijigonga mabega kwenye kila ukuta. Njia nzima nilikuwa nikizihesabu dhambi zangu, kwa sababu nilijua karatasi zipo. Nilizibeba mwenyewe. Nikidanganya nitaungua, nikisema kweli Salma ataolewa. Nikapanda ngazi, nikafungua friji.

Achari ya maembe. Samaki. Chupa za maji. Rafu ya chini ilikuwa tupu, imefutwa.

Mnajua nilichofikiri? Rafiki yangu wa shule, Mwende, baba yake alikuwa akifanya kazi bandarini, na wakati mmoja wafanyakazi waligoma, akashinda nyumbani akimsuka bintiye nywele. Kwa hivyo neno nilikuwa nalo. Nilisimama mbele ya lile friji, baridi ikinipiga magotini, furaha ikanijaa mpaka nikakosa pumzi. Wamegoma! Wamesikia niliyowanong'oneza. Wamechukua karatasi zao, wamefunga mlango, na wenzao wa Amerika wamefunga kiwanda kizima, yote kwa ajili ya dada yangu.

Nilirudi nikasimama mbele ya ami, nikamtazama usoni. "Hamna kitu, ami. Naapa. Mna achari na samaki."

Aliniamini, maana nilikuwa nikisema kweli. Akamgeukia dada yake. Akamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Na livunjike," shangazi akasema, akiikunja kamera. "Nitajikatia gongo mwenyewe."

Kumpeleka Salma dukani ami hakuweza, tamko lake lilikuwa limemfungia mlango. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alizunguka, alituma salamu, alilalamika kwa jamaa, na wakati anazunguka yule mtu wa Arabuni akapata picha ya msichana mwingine, anayecheka. Muhula wa chuo ulipofika, mama aliinuka kutoka kwenye sufuria zake, akamfungia Salma sanduku, akasema mbele ya ami, "Mwanangu aenda." Maneno mawili. Nilimpenda sana mama siku ile.

Shangazi Rukia hakupiga picha tena. Walimjia na harusi zao, wakamsihi, wengine wakimlilia, naye akawajibu wote jibu lile lile: Amerika wamefunga. Akarudi kukaanga mahamri alfajiri na kushona vitambaa. Mikono iliyokuwa ikishikilia nyuso za wanawake wote wa mtaa ikawa na alama za mafuta. Mimi nilimsikitikia kama unavyomsikitikia mtu aliyepatwa na ajali isiyo na mwenyewe.

Nilipokua nikasoma habari za ile kampuni. Hapakuwa na jumba la wanawake. Mwenye kuianzisha alikuwa mwanamume, na sababu za kufunga zilikuwa za biashara, kama alivyosema kijana wa Ndia Kuu. Lakini kuna mawili ambayo yule kijana hakuyasema. La kwanza, inasimuliwa kwamba kamera ile ilianza kwa swali la mtoto wa kike. Babake alimpiga picha wakiwa matembezini, naye akataka kujua kwa nini haioni sasa hivi. La pili, kiwanda cha mwisho cha karatasi kilipokuwa kinazimwa, wapo wafanyakazi wachache waliokataa. Walibaki na mashine, wakahangaika mpaka karatasi zikatoka tena. Mimi nilidhani waligoma kufanya kazi. Kumbe wapo waliogoma kuacha.

Baada ya hitima ya shangazi, watu walipotawanyika, tulibaki mimi na Salma tukikunja mikeka. Bi Khola, jirani wa chini, mzee sasa, akapanda ngazi akishika ukuta, na mkononi ana mfuko wa plastiki unaotoa jasho la baridi.

"Hii ni amana ya shangazi yenu," akasema. "Aliniletea alfajiri moya, zamani, kabla hata sijaswali. Akanambia, Khola, niwekee katika friji lako, na ukiulizwa hujui. Nimebadilisha friji mara mbili, nikizihamisha. Kila nikimuuliza anambia, bado, Seif atasikia."

Ndani yake mlikuwa na pakiti za karatasi, hazijafunguliwa hata moja.

Salma alikaa chini kwenye mkeka. Yeye ni mwalimu mkuu sasa, ana shule nzima inayotetemeka akikohoa, na alikaa pale kama mtoto. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake. Karatasi zilikuwapo. Shangazi angeweza kupiga harusi baada ya harusi. Lakini picha moja tu ingepigwa mtaani, ami angejua kwamba alidanganywa, na Salma alikuwa bado chuoni, bado anakula mkononi mwake. Akaacha. Kisha miaka ikapita, karatasi zikafa kwenye baridi, na hakutaja hata siku moja, hata Salma alipokuja kumwonyesha cheti chake. Alimkaangia mahamri.

Na yule kijana anataka kuutundika uso wa mtu ukutani mwake!

Siku ile ile ya hitima tulifungua pakiti moja. Harufu ile ile. Salma akaitia ndani ya kamera, akaifunga, kisha bila kuambiwa akaenda akakaa kwenye kiti cha shangazi karibu na dirisha. Akainua uso, akanitazama, na ulikuwa uso ule ule.

Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena.

"Wamegoma," nikasema.

Machozi yalikuwa yakimtiririka Salma, lakini mato yake hayakuondoka kwenye kamera. Akanyosha mkono, kana kwamba karatasi imetoka.

"Itie kwapani iive," akasema. "Kisha unipe. Mwenye uso ndiye mwenye picha."